Barua kwa Mhariri: Wanafunzi wa vyuo hawakosei somo la bakteria, wanakosea hesabu ya siku

Ndugu Mhariri,

Kila mara mjadala wa wanafunzi wa vyuo vikuu kumeza antibiotiki bila cheti cha daktari unapoibuka, hukumu huwa ile ile: hawana elimu, waelimishwe. Sisi tunaoandika barua hii ni wafamasia na wakufunzi wa mikrobiolojia. Kuelimisha ndiyo kazi inayotulisha, kwa hiyo tungefurahi kama tiba ya jambo hili ingekuwa semina moja na mabango matano. Lakini mwanafunzi wa udaktari aliyekwisha kufaulu mtihani wa famakolojia naye ana nusu pakiti ya amoksilini kwenye droo. Tafiti za dodoso zilizofanywa vyuoni katika nchi nyingi zimekuwa zikirudia jambo hilo: wanaojua kwamba antibiotiki haiui virusi ni wengi, na miongoni mwao wapo wengi waliomeza antibiotiki kwa ajili ya mafua. Wanafunzi wa fani za afya hawako mbali na wenzao, na mahali pengine huwazidi, kwa kuwa wanajiamini.

Kwa maoni yetu, somo la bakteria na virusi wengi wamelielewa. Kinachokosewa ni hesabu ya siku.

Tazama mafua ya kawaida yanavyokwenda. Siku ya kwanza koo linawasha na pua inaanza kuchuruzika. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote: kichwa kizito, mwili unauma, usingizi haupatikani. Baada ya hapo hali huanza kuteremka polepole yenyewe, ingawa kikohozi hubaki nyuma. Sasa mwanafunzi huvumilia siku mbili kwa sababu ana vipindi. Siku ya tatu, uvumilivu unapokwisha, ndipo anapokwenda duka la dawa na kumeza kapsuli za kwanza jioni hiyo. Siku ya tano ana nafuu. Nani kamponya? Yeye hana shaka hata kidogo, na hakuna semina inayoweza kushindana na kumbukumbu ya namna hiyo, maana ameiona kwa macho yake. Angemeza unga wa muhogo uliojazwa kwenye kapsuli siku ile ile ya tatu, nafuu ingekuja siku ile ile ya tano. Mwakani akiumwa tena atasema, "Ile ya rangi mbili ilinisaidia," na atamshauri mwenzake wa chumbani vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo tungependa kila mwanafunzi ajue muda wa kawaida wa maradhi haya kabla hajafundishwa jina la dawa yoyote. Koo linalouma huchukua kama wiki moja kupona. Sikio, siku tatu, wakati mwingine hadi wiki. Mafua, siku kumi hivi, na hata wiki mbili. Maumivu ya uso na pua iliyoziba kwa sababu ya sainasi, wiki mbili hadi tatu. Kikohozi kinachofuata mafua kinaweza kudumu wiki tatu bila kuwa na bakteria yeyote wa kuuawa. Mtu asiyejua muda huu akifika siku ya nane anakohoa huamini kuwa ugonjwa umemshinda, kumbe bado yuko ndani ya ratiba.

Liko na suala la rangi ya makamasi. Wengi huamini kwamba yakigeuka njano au kijani basi bakteria wameingia na antibiotiki imekuwa ya lazima. Rangi ile hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo hukusanyika puani kupigana na chochote kile, virusi vikiwemo. Kijani ni alama ya vita, haisemi adui ni nani.

Koo ndilo linaloleta antibiotiki nyingi zaidi mabwenini, na hapa hatutaki kurahisisha mambo, kwa sababu lipo koo linalohitaji dawa. Bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A husababisha kama koo 1 kati ya 10 kwa watu wazima. Yaliyobaki karibu yote ni ya virusi. Madaktari hutumia alama nne kukisia: homa ya kuzidi nyuzi 38, mafindofindo yaliyovimba na kuwa na usaha au utando mweupe, mitoki inayouma mbele ya shingo, na kutokuwa na kikohozi. Mwenye alama moja, au asiye nayo hata moja, uwezekano wa streptokoki ni mdogo kiasi kwamba kumpima ni kupoteza kijiti. Mwenye tatu au nne anafaa kupimwa, kwa sababu hata mwenye zote nne, karibu nusu yao ndio wenye bakteria huyo. Kipimo chenyewe ni kupangusa koo kwa kijiti cha pamba na kusubiri dakika kama tano hadi kumi. Mwanafunzi anayekohoa na kupiga chafya mfululizo, kisha akasema ana "tonsi", karibu kila mara anaumwa virusi.

Wapo wengine ambao koo lao lina utando mweupe, homa ipo, mitoki ipo, na bado si streptokoki. Baadhi ya hao wana virusi vya Epstein-Barr, ugonjwa unaowapenda hasa vijana wa umri wa chuo. Dalili zinazowatofautisha ni uchovu mkubwa unaodumu wiki kadhaa na mitoki ya nyuma ya shingo. Wakipewa amoksilini au ampisilini, baadhi yao huota vipele vyekundu mwili mzima baada ya siku chache. Hapo makosa yanazaa makosa: mwanafunzi anaandika kichwani kwamba ana mzio wa penisilini, anaubeba huo mzio usiokuwapo kwa miaka arobaini, na siku akilazwa kwa ugonjwa mkubwa anapewa dawa ya pili au ya tatu kwa ubora kwa sababu ya vipele vya mwaka wa kwanza chuoni. Wengi wanaojitaja kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa, hukutwa hawana.

Tuje kwenye dozi. Ombi la dukani hutolewa kwa idadi: "Nipe amoksilini kumi." Hakuna ugonjwa wa kawaida wa mtu mzima unaotibiwa kwa kapsuli kumi za amoksilini. Dozi ya miligramu 500 kila baada ya saa 8 kwa siku 7 ni kapsuli 21; kwa siku 5 ni 15. Kumi ni idadi iliyotokana na mfuko wa mnunuzi. Mbaya zaidi ni pale wawili wanapoumwa chumba kimoja, wakachanga na kugawana 21 zao, huyu 11, yule 10.

Hata aliyenunua zote hukwama kwenye saa. Bahasha imeandikwa "1 x 3", naye anameza asubuhi saa 1, mchana saa 7 na jioni saa 1, pamoja na milo. Mchana kaenda sawa, lakini usiku umebaki na pengo la saa 12. Amoksilini hupungua kwa nusu kwenye damu kila baada ya saa moja hivi, na inafanya kazi kadiri kiwango chake kinavyobaki juu ya kile kinachomzuia bakteria kwa muda mrefu. Kurundika mchana hakufidii usiku. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni ratiba anayoweza kuifuata mwanafunzi yeyote, kwa kuwa saa 4 usiku yuko macho.

Azithromaisini inapendwa kwa sababu kinyume: vidonge vitatu tu vya miligramu 500, kimoja kwa siku, kwisha. Urahisi huo una gharama yake. Dawa hii huchukua karibu siku tatu kupungua kwa nusu tu, hivyo inabaki mwilini kwa kiwango kidogo kwa wiki mbili hivi baada ya kidonge cha mwisho, na kiwango kidogo kinachokaa muda mrefu ndicho kinachowapa bakteria sugu nafasi ya kuwapita wenzao. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu, limeiweka azithromaisini na siprofloksasini katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazoli zimo katika kundi la matumizi ya kawaida. Ukisimama dukani karibu na hosteli utadhani makundi hayo yamepinduliwa.

Kosa jingine ni la wanaopenda namba kubwa. Amoksilini yenye asidi ya klavulaniki huja kama 375 na 625. Ya 375 ina 250 za amoksilini na 125 za klavulaniki. Ya 625 ina 500 na 125 zile zile. Kwa hiyo mwenye kumeza mbili za 375 ili "zifike 625 na zaidi" anapata klavulaniki mara mbili, na klavulaniki ndiyo inayokorofisha tumbo. Kisha anaanza kuharisha, na kwa kuharisha anakwenda kununua metronidazoli.

Hiyo metronidazoli nayo imekuwa dawa ya kila tumbo. Inaua amiba, giadia na bakteria wasiohitaji oksijeni. Haigusi virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha kuharisha kwingi kwa ghafla, wala haiwagusi wengi wa bakteria wanaosababisha kuharisha. Anachohitaji mwenye kuharisha majimaji ni maji yenye chumvi na sukari: pakiti ya ORS kwenye lita moja, au ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa na si vya kurundika. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo asikadirie kwa mkono. Kukiwa na damu kwenye kinyesi, asijitibu, apimwe kwanza: kuna aina ya bakteria aitwaye E. koli ambayo antibiotiki huweza kuongeza hatari yake ya kuharibu figo.

Sasa, Mhariri, neno kuhusu kaulimbiu "maliza dozi". Sisi wenyewe tumeitangaza miaka na miaka, na tunadhani imefanya kazi isiyokusudiwa. Mwanafunzi aliyejinunulia antibiotiki kwa mafua, akazimeza zote 21 kwa saa zake, hutoka akijiona raia mwema, kwa sababu amemaliza dozi. Amemaliza dozi asiyoihitaji. Bakteria wa tumboni mwake, waliokuwa hawana kosa, wamepigwa siku saba badala ya tatu. Kwa kifua kikuu kumaliza miezi yote iliyoandikwa, mara nyingi 6, ni lazima, hakuna mjadala. Lakini kwa maradhi mengi ya kawaida utafiti umekuwa ukifupisha siku: nimonia isiyo kali kwa mtu mwenye nafuu nzuri inatosha siku 5, na maambukizi mepesi ya mkojo kwa mwanamke siku 3 hadi 5 kutegemea dawa. Ujumbe sahihi ni kumaliza siku alizoandika aliyekupima. Kama hakuna aliyekupima, hakuna dozi ya kumaliza.

Yapo maradhi ambayo mwanafunzi hajitibu kwa kukosea hesabu, bali kwa aibu, na hapa ndipo madhara makubwa yalipo. Mvulana mwenye usaha na maumivu akikojoa hanunui dawa duka la jirani. Anatuma rafiki, na rafiki anarudi na siprofloksasini. Kisonono kimekuwa sugu kwa siprofloksasini kiasi kwamba miongozo mikubwa iliiacha zamani. Leo kinatibiwa kwa sindano ya seftriaksoni, mara nyingi pamoja na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku 7, kwa kuwa klamidia humfuata kisonono mara kwa mara. Vidonge vya kubahatisha vinaweza kupunguza usaha bila kuua ugonjwa, naye akaendelea kuambukiza akidhani amepona. Klamidia kwa wasichana wengi haina dalili yoyote huku ikiacha makovu kwenye mirija ya uzazi. Kaswende ikipigwa nusu nusu hufichika. Na mwenzi asipotibiwa pamoja, hata dozi sahihi ni kuteka maji kwa pakacha. Tuongeze hapa kwamba kapsuli mbili za "kujisafisha" asubuhi ya pili baada ya ngono isiyo na kinga haziwezi kutegemewa kuzuia maambukizi hayo, na hazizuii mimba. Imani hiyo ipo, na wanaoiamini hawaulizi mtu.

Kwa wasichana ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Tunajua inauma, na tunajua foleni ya kliniki haina huruma kwa mtu anayekwenda chooni kila baada ya dakika kumi. Tunachoomba ni jambo moja tu kabla ya kidonge cha kwanza: mkojo uchukuliwe. Kipimo cha kuotesha mkojo kikifanyika baada ya dozi hata moja kinaweza kutoa jibu kwamba hakuna kitu, na hapo daktari hana pa kuanzia. Mkojo wa kuanzia humwagwa, wa katikati ndio unaokingwa kwenye chupa safi ya maabara, na chupa ifike ndani ya saa mbili au ikae kwenye jokofu. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na dawa inaweza kuanza huku yanasubiriwa. Mwenye homa na maumivu ya ubavuni, chini ya mbavu upande wa mgongo, asitumie nitrofurantoini aliyoachiwa na rafiki: dawa hiyo hukusanyika kwenye mkojo na haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ni habari nyingine kabisa, hata kama kinaweza kuwa mabaki ya mafua. Siprofloksasini na ndugu zake, levofloksasini hasa, hutuliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya. Kikohozi kinapungua, jibu la makohozi linaweza kutoka safi, na wiki kadhaa baadaye ugonjwa unarudi ukiwa umewafikia wanaolala kitanda cha juu na cha chini. Wiki mbili za kukohoa, hasa kukiwa na jasho la usiku au kupungua uzito, ni kupimwa makohozi kabla ya dawa yoyote.

Msimu wa mitihani una mambo yake. Siprofloksasini huzuia ini kuvunja kafeini. Mwanafunzi anayekesha kwa vikombe vitano vya kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu, akaongeza dawa hiyo, kafeini inarundikana: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupo hata anapoutaka. Atadhani ni woga wa mtihani. Dawa hiyo hiyo inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, na anayecheza mpira akihisi maumivu hapo aache dawa na mpira, amwone daktari siku hiyo. Doksisaiklini humezwa kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa wima, na asilale kwa angalau nusu saa. Kapsuli iliyomezwa kwa funda moja la maji kitandani hunasa kwenye umio na kuchoma kidonda, na asubuhi kumeza mate ni shida. Zote mbili hazipatani na maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia. Zinashikana tumboni na dawa haifyonzwi. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wanaweza kutulia: antibiotiki za kawaida haziviharibu, isipokuwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na jamaa zake, au pale mtu anapotapika na kuharisha sana.

Na tafadhali, unga wa kapsuli usimwagwe kwenye kidonda. Hautulii pale kwa kiwango chochote kinachojulikana, unaganda na kuzuia kidonda kusafishika, na unaweza kuufundisha mwili mzio. Maji safi yanayotiririka na sabuni vinatosha kwa mkwaruzo.

Kuhusu usugu wenyewe tutasema machache, si kwa sababu ni mdogo. Shirika la Afya Duniani lilipowauliza watu wa nchi 12 mwaka 2015, asilimia 64 walisema antibiotiki hutibu mafua, na asilimia 76 walidhani usugu ni pale mwili wa mtu unapoizoea dawa. Mwili hauzoei. Bakteria ndio wanaobadilika, na jeni za usugu wanaweza kupeana hata baina ya aina tofauti, kama wanafunzi wanavyopeana majibu. Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya juu ya dozi ndogo mwaka 1945 alipotoa hotuba ya Nobel. Mwaka 2019 vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Lakini hatuamini kwamba namba hiyo inamgusa kijana wa miaka 21 aliye na homa siku mbili kabla ya mtihani. Kinachoweza kumgusa ni hiki: baada ya dozi moja, bakteria sugu huongezeka ndani ya mwili wake mwenyewe, zaidi katika mwezi wa kwanza, na athari inaweza kuonekana hadi mwaka mzima. UTI yake ijayo huenda ikatoka kwa bakteria hao hao wa tumboni mwake.

Tuna ombi pia kwa wanaofanya tafiti hizi, maana dodoso la "mtazamo wa wanafunzi kuhusu antibiotiki" limekuwa mada rahisi ya kuhitimu. Ukimwuliza mwanafunzi kama anakubali kwamba ni vibaya kutumia antibiotiki bila cheti, atakubali. Anajua unataka nini. Mwulize mara ya mwisho aliumwa nini, siku ya ngapi alimeza dawa ya kwanza, aliipata wapi, ngapi, na zilizobaki ziko wapi. Usimwulize ya mwaka mzima, kumbukumbu haifiki huko. Ishia miezi mitatu au sita. Mwonyeshe picha za vidonge na kapsuli, kwa kuwa wengi huita antibiotiki "dawa ya kikohozi" au "ya tumbo" na watakujibu kwa dhati kwamba hawajawahi kutumia antibiotiki. Wengine wataihesabu parasetamoli. Na usiwapime wanafunzi wa udaktari peke yao kisha ukaandika "wanafunzi wa chuo kikuu".

Nini kifanyike? Wapo wanaotaka misako na kufungia maduka. Hatuungi mkono jambo hilo likiwa peke yake. Sheria ya cheti ni nzuri mahali ambapo cheti kinapatikana. Kliniki ya chuo inayofunguliwa saa za vipindi na kufungwa saa za mapumziko inawasukuma wanafunzi dukani. Saa mbili za jioni, mara tatu kwa wiki, na dirisha moja la koo, mafua na mkojo lisilochanganywa na foleni ya bima na vyeti vya kuhudhuria, lingefanya kazi kuliko bango lolote. Dirisha hilo likiwa na kipimo cha streptokoki na kile cha CRP (protini inayopanda kwenye damu mwili unapopambana na maambukizi) cha tone la damu kidoleni, kinachotoa jibu kwa dakika chache, daktari ana cha kumwonyesha mwanafunzi. Kwa kikohozi kinachotiliwa shaka, CRP chini ya miligramu 20 kwa lita haihitaji antibiotiki. Zaidi ya 100 inahitaji. Katikati, mtu anapewa cheti cha kusubiri.

Cheti cha kusubiri ndicho tungependa kisambae. Daktari anaandika dawa na tarehe ya kuichukua, siku tatu mbele kwa mfano, hali ikiwa haijaanza kutengemaa. Wengi hawarudi kuichukua. Na hapo mwanafunzi amejifunza mwenyewe kile ambacho semina haikuweza kumfundisha, kwa sababu safari hii alipona siku ya tano bila kapsuli, na kumbukumbu mpya imekaa mahali pa ile ya zamani. Katika kungoja asiachwe mikono mitupu: parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku, akihesabu na parasetamoli iliyofichwa ndani ya dawa za mafua, nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kwa kusukutua koo, asali kwa kikohozi. Aambiwe pia ni lini asingoje: akishindwa kumeza mate, akipumua kwa shida, shingo ikikakamaa, vipele vikiwa havififii ukivikandamiza kwa glasi, au homa ikipita siku tatu bila kushuka.

Vidonge vilivyobaki virudishwe duka la dawa linalopokea, visitupwe chooni na visiwekwe droo "ya dharura". Droo hiyo ndiyo duka la kwanza la bweni, na halina mfamasia.

Wauzaji wa dawa nao, ambao tunajua wanashindana na duka la mlango wa pili, tunawaomba swali moja kabla ya kukata pakiti: "Leo ni siku ya ngapi unaumwa?" Akijibu ya pili au ya tatu, mwambie hizi ndizo siku mbaya kuliko zote, na baada ya hapo itaanza kupungua, kisha umuuzie parasetamoli. Akisema jana alikuwa na nafuu lakini leo homa imerudi kwa nguvu, huyo mpeleke kwa daktari. Akijibu wiki ya tatu, mwulize kuhusu jasho la usiku.

Wasalaam,

Wafamasia na wakufunzi wa mikrobiolojia